Vituko vya Binti Yetu ni vya Nani?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mambo mazito ya mume na mke: fedha, wakwe, hasira, uaminifu. Leo naomba tutazame jambo linaloonekana dogo, nalo ni vituko vya mtoto wa kike wa miaka mitatu, minne au mitano, yule ambaye yuko chekechea au anakaribia kupelekwa. Swali langu ni hili: vituko hivyo ni vya nani? Ni vya baba na mama waliomzaa? Ni vya ukoo na majirani? Au ni vyake mwenyewe?

Huenda mkaniambia kwamba swali lenyewe halina maana, kwa kuwa mtoto ni wa wazazi, na kila kilicho chake ni chao. Subirini kidogo.

Kila mzazi anaijua furaha ya miaka hii. Juzi tu binti alikuwa akisimama dede huku ameshika kiti, leo anavaa viatu mwenyewe, ingawa cha kulia kakitia mguu wa kushoto. Anahesabu mpaka kumi na kuiruka saba kila mara. Anauliza kama bahari nayo hulala usiku. Anauliza kwa nini jiwe huzama na feri iliyobeba malori haizami, na baba, ambaye huvuka kila siku, hana jibu la kumpa. Iko siku ya kwanza anapokataa kubebwa mgongoni. Iko siku anapokwenda chooni peke yake gizani. Iko siku ya kwanza ya shule, mama anasimama langoni akifuta machozi kwa leso, na mtoto hata hageuki nyuma. Mambo haya hayaandikwi popote. Cheti cha kuzaliwa hakiyataji, cha ubatizo hakiyataji, kadi ya kliniki inataja uzito na chanjo tu. Nyumba ndiyo inayoyajua, na mara nyingi ni mtu mmoja tu ndani ya nyumba.

Tena huku kwetu mtoto ndiye humpa mzazi jina. Mwanamke aliyeitwa jina lake kwa miaka 25, akizaa tu anakuwa Mama Fulani, na mumewe Baba Fulani, na wako majirani ambao hawatalijua kamwe jina lao lingine. Tunachukua jina kwa mtoto kabla hajajua kusema. Si ajabu basi tukadhani twaweza kuchukua na yaliyobaki.

Wasomaji wa upande huu wa Likoni wananielewa ninaposema kwamba wazazi wengi hulala hapa na kufanya kazi ng'ambo. Baba anaondoka alfajiri kuwahi feri, anashinda bandarini, Shimanzi au Changamwe, na akirudi mtoto amekwisha kulala. Wengine wako Nairobi. Wengine, baba kwa mama, wamekwenda nchi za Ghuba kwa mkataba wa miaka miwili, na mtoto waliyemwacha akitambaa watamkuta akiimba nyimbo za shule. Kwa mzazi wa namna hii simu si anasa. Mama anapompelekea mumewe picha ya binti aliyejifunga leso na kujifanya bibi harusi, anafanya kazi ya ndoa. Baba asiyejua kwamba binti yake siku hizi anaogopa paka, na kwamba ameacha kunyonya kidole, atarudi nyumbani kama mgeni. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani kwamba nimekuja kuwakataza watu simu zao.

Sasa nitawasimulia habari ya wazazi wawili wa hapa Shika Adabu. Wamenipa ruhusa, nami sitaji jina, na mambo mawili matatu nimeyabadili, hata mnyama mtakayemsikia siye yule wa kweli.

Baba ni dereva huko Doha. Mama yuko nyumbani na watoto wawili, mvulana wa miaka tisa na binti wa miaka minne. Siku moja mama aliamua kwamba binti amefika umri wa kutumwa. Alimpa shilingi 20 akanunue chumvi dukani, nyumba ya tano kutoka kwao, akamfuata kwa mbali ili asipatwe na tuktuk, na simu mkononi ili baba naye aone. Mnajua jinsi mtoto wa miaka minne anavyokwenda akiwa ametumwa kwa mara ya kwanza: shingo wima, ngumi imefumbwa, haangalii kushoto wala kulia. Mtoto huyu alikuwa amefundishwa vema kumwamkia kila mkubwa anayemkuta njiani. Alimkuta mzee, akasema shikamoo. Alimkuta mama wa mboga, akasema shikamoo. Kisha akamkuta mbuzi mkubwa mwenye ndevu amesimama katikati ya njia, na mtoto akasimama, akainamisha kichwa, akasema shikamoo. Akangoja marahaba. Mbuzi hakujibu, mtoto akapita pembeni kwa heshima. Kufika dukani akawa amesahau alichotumwa, akamwambia muuzaji ampe ile ya mama.

Nani asingecheka? Mama alicheka mpaka akakaa chini. Aliituma video Doha, na baba, aliyekuwa amechoka katika chumba cha watu sita, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha baba akafanya jambo moja zaidi. Aliiweka mahali ambapo kila mwenye namba yake angeiona, akaongeza maneno ya kujivunia binti yake. Haikupita siku, video ikarudi Likoni kwa mlango mwingine. Vijana wa kituo cha boda boda waliiona. Wavulana wa mtaa wakampa mtoto jina: Shikamoo Mbuzi. Wakawa wakimwona wanalia kama mbuzi.

Binti akaacha kwenda dukani. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba aliacha kuamkia watu. Akikutana na mzee anaficha uso katika nguo ya mama yake. Wazee ambao hawakuijua habari yenyewe wakaanza kusema kwamba mtoto huyu hana adabu, mama yake amemdekeza.

Mume na mke waligombana kwa simu majuma mawili. Mke alisema: nilikutumia wewe, sikuutumia ulimwengu. Mume alisema: mtoto ni wangu pia, niko mbali, furaha yangu yote ni hiyo moja, nami sikumtukana, nilimsifu. Walipokuja kwangu kila mmoja alitaka nimpe haki yake. Ninavyoona mimi, wote wawili walikuwa wakizungumza juu ya haki ya mzazi. Mke alitetea haki yake kama aliyetuma, mume alitetea haki yake kama baba. Mwenye shikamoo yake hakuwa katika mazungumzo.

Wadi yetu ina jina ambalo wageni hulicheka, Shika Adabu. Sisi wakazi tumelizoea. Lakini tukisema shika adabu, siku zote tunamtazama mdogo. Mtoto asiingilie mazungumzo ya wakubwa, asiseme mambo ya nyumbani kwa watu, asimcheke mzee aliyejikwaa. Ni mafundisho mazuri. Hebu basi tuyageuze. Mkubwa akiingilia mchezo wa mtoto na kumwambia arudie tena kile alichosema ili wageni wacheke, hiyo ni adabu? Mkubwa akisema mambo ya mtoto kwa watu? Mtoto akijikwaa, na sisi tukacheka, tukamwita jirani naye aje acheke? Kama adabu ni kumpa mwingine heshima anayostahili, lazima tujiulize kama mtu wa miaka minne anastahili chochote, au anaanza kustahili akishaweza kutujibu.

Wazee wa pwani walikuwa na namna yao. Mtoto mzuri hasifiwi hadharani bila kumtaja Mungu kwanza, na mama wengine walimpaka mtoto wanja au masizi usoni ili asionekane mzuri mno, wakiogopa jicho la husuda. Mkristo hafundishwi kuogopa jicho, wala mimi siwafundishi. Lakini huwa najiuliza kama ndani ya hofu ile hamkuwa na busara iliyovaa nguo isiyo yake. Walijua kwamba mtoto hatandazwi mbele ya kila macho kama mkeka sokoni. Walijua kwamba macho mengi ni mzigo. Sisi tumeitupa hofu, na busara imekwenda nayo.

Pamoja na hayo tusiwafanye wazee kuwa malaika. Sisi tuliokulia mitaa hii tunakumbuka jinsi kikojozi alivyoimbiwa na watoto wenzake asubuhi, godoro likiwa limeanikwa uani watu wote waone, na wakubwa wakiona ni dawa. Kumwaibisha mtoto hakukuanza na simu. Tofauti ni kwamba aibu ile ilikuwa na mwisho. Godoro lilikauka. Watoto walioimba wakakua, wakasahau, na nyanya aliyekuwa akisimulia vituko vyako barazani alisimulia ukiwa umekaa pale pale, ukiweza kumkatiza na kusema si kweli. Video ya binti yule itakuwa ingalipo atakapokuwa na miaka 15, na aliyenayo ni mtu ambaye hata wazazi wake hawamjui.

Na kutumwa dukani, ambako sisi tulikuona ni kichekesho, ni jambo kubwa. Katika miaka ya 1970 watafiti wawili wa Kimarekani, Charles Super na mkewe Sara Harkness, walikaa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis hapa Kenya, wakiwauliza wazazi maana ya mtoto mwenye akili. Waliambiwa kwamba ziko akili za shuleni na ziko akili za nyumbani, na hizi za pili zinapimwa kwa mtoto anayetumwa na kutenda bila kusukumwa. Kila msomaji wa ukurasa huu anajua hivyo bila utafiti. Siku mtoto anapotumwa kwa mara ya kwanza ndiyo siku anapoanza kuhesabiwa kuwa mtu wa nyumba ile. Yeye mwenyewe anajua. Ile shingo wima haikuwa mchezo.

Liko jambo lingine la umri huu ambalo halipigwi picha. Mwaka 1983, huko Austria, Heinz Wimmer na Josef Perner waliwasimulia watoto kisa cha mvulana aliyeweka chokoleti yake katika kabati moja, akatoka, na nyuma yake mama akaihamishia kabati lingine. Wakawauliza: mvulana akirudi ataitafuta wapi? Watoto wa miaka mitatu walisema ataitafuta ilipo sasa. Hawakuweza kuwaza kwamba mvulana hajui wanachokijua wao. Kuanzia miaka minne hivi na kuendelea ndipo walipoanza kujibu sawa: ataitafuta pale alipoiweka. Yaani karibu na umri huo mtoto anagundua kwamba yaliyomo kichwani mwake hayamo kichwani mwa mama. Ndiyo sababu uongo wa kwanza wa maana husikika wakati huo. Anasema si yeye aliyekula sukari, na punje zingali midomoni. Tunacheka au tunamchapa, na hatuoni kilichotokea. Mtoto amepata chumba cha ndani. Kwa mara ya kwanza anaweza kuwa na siri, na kwa mara ya kwanza anaweza kuwaza kile ambacho wengine wanawaza juu yake.

Tazameni jinsi mambo yalivyogongana. Umri ule ule ambao binti anaanza kuwa na ndani yake ndio umri ambao vituko vyake vinapendeza zaidi kutolewa nje. Wa mwaka mmoja ukimcheka anacheka nawe. Wa miaka minne anauliza, mnacheka nini?

Sheria ya nchi imejaribu kusaidia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na haikusema kila mtu mzima. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto, na tena kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto mwenyewe. Mnamo Septemba 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wazazi wengi walifurahi, nami nilifurahi. Lakini oneni mahali sheria inapoishia. Inamtaka mwalimu amwombe mzazi. Mzazi atamwomba nani? Ufunguo umewekwa mikononi mwetu kwa kuaminiwa kwamba tunampenda mtoto, na kumpenda tunampenda. Baba yule wa Doha anampenda binti yake kuliko macho yake. Upendo haukumzuia, bali ndio uliomsukuma.

Kwa sababu hiyo mimi siwaambii wazazi wajiulize kama wanampenda mtoto. Najua watajibu nini. Afadhali wajiulize habari hii inamwendea nani, na huyo anayeipokea atamfanyia mtoto nini. Ukimwambia nyanya kwamba binti ameanza kuogopa giza, nyanya atakuja na hadithi, au atamlaza kwake. Ukimwambia mwalimu wa chekechea, atamkalisha karibu na rafiki. Ukimwambia baba aliye mbali, usiku akipiga simu atamwuliza binti kwa taratibu. Mkono mmoja haulei mwana, na mikono mingine haiwezi kulea bila kuambiwa. Lakini watu 300 wanaotazama simu wakingoja feri watamfanyia nini? Watacheka na kupita. Hapo habari ya mtoto imetumika kumlisha mzazi sifa, na sifa ni chakula kisichoshibisha. Kesho itatafutwa nyingine, na mtoto ataanza kuambiwa: fanya tena kama jana.

Sisi Wakatoliki tunao mfano ambao tunausoma kila mwaka bila kuutazama vizuri. Luka anatuambia mara mbili kwamba Mama Maria aliyaweka mambo ya mwanawe moyoni. Kati ya kuletwa hekaluni akiwa mchanga na kupotea Yerusalemu akiwa na miaka 12, Injili karibu haisemi neno. Miaka yote ya kuanguka na kuinuka, ya maswali, ya kutumwa maji, haikusimuliwa. Walikuwapo watu waliotaka kuijaza nafasi hiyo. Kipo kitabu cha zamani, kiitwacho Injili ya Utoto ya Thomas, chenye visa vya Yesu akiwa na miaka mitano akifinyanga ndege wa udongo wakaruka, na vingine vya kuwadhuru watoto wenzake. Kanisa halikukipokea. Mimi si mwanateolojia, lakini kila nikifundisha Rozari, katika fumbo lile la kumkuta Yesu hekaluni, huwa nafikiri juu ya mama huyo aliyekuwa na mengi ya kusimulia.

Kuweka moyoni si kusahau. Mama mmoja wa jumuiya yetu ana daftari la kurasa 96 ambalo huandika mambo ya binti yake: siku alipofunga kamba ya kiatu, neno alilolikosea, swali alilouliza juu ya maiti ya kunguru. Hamwonyeshi mtu ila mumewe, Jumapili jioni, wakiwa wawili. Anasema atampa binti siku atakapoanza shule ya sekondari, na binti ataamua mwenyewe kama ni la kuchekea na rafiki zake au la kufungiwa sandukuni. Mumewe aliniambia kwamba zile Jumapili ndizo zilizomrudisha nyumbani mapema. Sina zaidi la kusema juu ya ndoa hiyo.

Si kila mtu anapenda kuandika. Lakini mume na mke wanaweza kuagana, kabla mmoja hajakosea, kwamba lililotumwa kwa ajili ya wawili linabaki la wawili mpaka wote wakubali. Na mtoto wa miaka minne anaweza kuulizwa. Mwulize: nimwonyeshe shangazi? Mara nyingi atasema ndiyo, kwa furaha, na atataka kuonyesha mwenyewe. Siku atakayosema hapana, ukamtii, utakuwa umemfundisha jambo ambalo atalihitaji sana akiwa msichana, wakati mtu mwingine atakapomwomba picha na yeye asitake kutoa. Mtoto ambaye hapana yake haijawahi kusikika nyumbani atajifunzia wapi kuisema nje?

Mtaniuliza juu ya yaliyokwisha kutoka. Baba wa Doha aliifuta video. Waliokuwa wameichukua hawakuifuta, na hakuna wa kuwalazimisha. Alimpigia binti yake simu, si mkewe, akamwambia kwamba alionyesha watu jambo lake bila kumwuliza, na kwamba hatafanya tena. Mama anasema binti alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama Doha kuna mbuzi. Nilipoomba kuandika habari hii, niliwaomba wamwulize na yeye. Alikubali, akasema nisitaje jina.

Dukani sasa huenda na kaka yake. Wanashikana mikono mpaka mlangoni, na pesa huishika yeye. Wazee wakipita, kaka ndiye anayeamkia.